Haya ya Kukubali, Haya ya Kuaga

Neno la mwisho nililomsikia shangazi yangu akilisema ni "haya". Kwa neno hilo moja kanisa letu lilipiga kengele, mchungaji akavaa joho, na jeneza likaingizwa mpaka mbele ya madhabahu ambayo kwa zaidi ya miaka thelathini marehemu hakuwahi kuisogelea. Mimi ndiye niliyewaeleza wazee wa kanisa maana ya neno lile. Niliwaambia amekubali.

Mtu ambaye hakuwahi kununua kitenge kwa shangazi anaweza kuona hapo hakuna cha kueleza. Kwake lakini kulikuwa na haya mbili, na wateja wake waliozijua tofauti walikuwa wachache.

Duka lake lilikuwa Kariakoo, chini ya ghorofa, katika mtaa ambao ikifika saa nne asubuhi mkokoteni hauwezi kupita bila mtu kutukanwa. Niliishi kwake miaka mitatu nikisomea uhazili, na Jumamosi nilikuwa nakaa juu ya belo la vitenge nikimtazama anavyouza. Haya yake ya kwanza ilikuwa fupi, na kabla haijaisha mkono wake wa kulia ulikuwa umeshafika kwenye mkasi. Hiyo ilikuwa ya kukubali. Ya pili ilikuwa na mkia, "hayaa", sauti ikishuka mwishoni na macho yakiwa yameshahamia mlangoni kumtafuta mteja mwingine. Hiyo ilikuwa ya kuaga.

Siku moja aliingia mama mmoja wa Buguruni, mchangamfu, akashika kitenge cha rangi ya machungwa akaanza kulalamika.

"Mama, nipunguzie basi. Mimi mteja wako."

"Mteja wangu tangu lini? Mbona leo ndiyo nakuona?"

"Kuanzia leo."

"Basi tuanze na bei ya leo."

"Wachaga nyie hamna huruma!"

"Huruma ninayo, nimeiacha nyumbani. Hapa nimekuja na vitenge. Hayaa."

Yule mama akafurahi, akakikunja kitenge, akakitia kwenye kikapu. Shangazi akainuka polepole, akakitoa kikapuni, akakirudisha kwenye rafu.

"Nimesema haya nenda," akamwambia. "Sijasema haya chukua."

Yule mama alicheka mpaka akakaa. Mwisho alikinunua kwa bei ile ile, na akawa mteja kweli.

Nje ya duka, barazani, alikaa mume wake na cherehani. Alikuwa fundi, Mwislamu, mtu wa pwani, wa familia iliyoishi Kariakoo tangu nyumba zilipokuwa za makuti. Mimi nilimwita mjomba, na shangazi alimwita "fundi" tu, hata nyumbani. Kila mteja aliyeuliza nguo yake itakuwa tayari lini alijibiwa, "Kesho, Mungu akipenda." Shangazi alikuwa akimjibu kutoka ndani: "Mungu ameshapenda tangu juzi. Wewe ndiyo hujaanza kukata."

Walioana bomani. Hakuna aliyebadili dini. Kwa upande wa mjomba ndugu walinung'unika mwaka mmoja, miwili, kisha wakazoea. Kwa upande wetu jambo liliandikwa kwenye daftari la usharika. Kanisa halikumfukuza shangazi, lilimtenga, na wanaolijua kanisa letu wanajua kwamba hivyo ni vitu viwili. Aliyetengwa anasali, anaimba, anatoa sadaka. Ila haendi kwenye Meza ya Bwana, na akifa akiwa bado ametengwa hazikwi na kanisa. Mchungaji akija anakuja kama jirani, na shati lake la kawaida. Mlango wa kurudi uko wazi: unasimama mbele ya watu, unataja kosa, unatubu, unawekewa mikono. Tunaita kurudi kundini.

Shangazi alikaa benchi la mwisho, chini ya feni. Watu walipoinuka kwenda mezani alikuwa anaweka magoti pembeni wapite. Nilimwona akifanya hivyo Jumapili nyingi sana, bila kununa, kama mtu anayewapisha abiria wanaoshuka kituo kisicho chake.

Mwaka wangu wa mwisho kwake nilimuuliza kwa nini harudi. Tulikuwa dukani, mchana, hakuna mteja.

"Nitaje kosa gani?" akaniuliza.

"La ndoa, shangazi."

"Yaani nisimame mbele ya watu niseme yule pale nje ni kosa." Alimwonyesha kwa kidevu. "Mimi kila asubuhi namshukuru Mungu kwa yule mtu. Sasa Jumapili nimwombe msamaha kwa kitu kile kile nilichomshukuru Jumamosi? Si ataniuliza, wewe mama, ulikuwa unanidanganya siku gani?"

"Mchungaji anasema..."

"Mchungaji aseme. Mungu ndiye aliyemleta fundi pale barazani. Mimi nilikuwa nimekwenda kutafuta mtu wa kunipindia mashuka."

Mjomba alisikia. Akasema bila kugeuka, mguu ukiendelea kukanyaga, "Rudi tu, mama. Mimi sitakasirika. Nitakuwa kosa, lakini kosa la kwako."

"Nyamaza wewe. Shona."

Alicheka, nasi tukacheka. Lakini nilipotoka baadaye nilimkuta anafumua. Sindano ilikuwa imepita mstari wa chaki, mshono mzima umekwenda upande, na kwa fundi kama yule hilo halikuwa jambo la kawaida.

Miaka ilipita. Niliajiriwa, nikaoa, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka nikafanywa karani wa usharika. Daftari lile lenye jina la shangazi likaja mikononi mwangu. Nililifungua kwenye ukurasa wake mara moja tu, nikalifunga.

Kisha akaanguka dukani, mchana, akikunja kitenge. Kiharusi. Tulimpeleka hospitali kule Upanga, na ilipofika siku ya tatu tulijua kilichobaki: upande wa kulia umekufa, mdomo umepinda, na maneno yake yanahesabika. Alisema "maji". Alisema "fundi". Alisema "haya". Hewa ilikuwa inamtoroka pembeni ya mdomo, kwa hiyo kila neno lilikuwa na mkia. Hata maji yalikuwa "majii".

Baba mkubwa, kaka yake, alinipigia simu kutoka Kilimanjaro. Hakuzunguka.

"Shangazi yako ana barua?"

"Barua ipi, baba?"

"Unaijua. Likitokea la kutokea, mchungaji wa huku ataniuliza barua ya huko, ya kwamba alirudi kundini. Nimlaze dada yangu kihambani, pembeni ya mama, bila kengele? Kama mtu aliyeokotwa?"

Kihamba ni shamba la nyumbani, lenye migomba na makaburi ya wazazi. Kwa baba mkubwa kulazwa pale bila ibada kulikuwa ni hukumu inayosomwa mbele ya majirani, na aliyehukumiwa hawezi kujibu.

Nilimweleza mchungaji wetu. Ni kijana kwa umri wa wachungaji, mpole, anasikiliza mpaka unamaliza. Alisema twende. Tukaenda watatu: yeye, mzee wa kanisa wa mtaa wetu, na mimi na daftari. Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa mchana. Mjomba alikuwa amekaa kitandani akimlisha shangazi uji kwa kijiko, na kofia yake ilikuwa juu ya kabati dogo, kando ya bakuli.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Karibuni, karibuni." Alimtazama mchungaji, akalitazama daftari, akafahamu. Akamfuta shangazi kidevu. "Nakwenda kuswali, niwaachie nafasi. Fundi anarudi, sawa?" Akatoka.

Mchungaji alivuta kiti, akaushika mkono wa kushoto wa shangazi, ule uliokuwa hai. Mzee wa kanisa alisimama nyuma yake. Wote wawili waliupa mlango mgongo. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani kilichokuwa kitupu, nikaandika swali jinsi lilivyoulizwa, kwa sababu ndiyo kazi yangu: "Mama, unatubu yote yaliyokutenga na kanisa, na unaipokea rehema ya Mungu?"

 Nilikuwa bado nimeinamia karatasi nikimalizia neno la mwisho niliposikia, "Haya." Ilikuwa na mkia. Niliinua kichwa. Macho yake yalikuwa mlangoni. Niligeuka, mlango ulikuwa nusu wazi, hakuna mtu. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya shuka, mahali pale pale muuguzi alipouweka.

Mchungaji aliomba, akamwekea mikono kichwani, tukatoka.

Kwenye korido mzee wa kanisa alijifuta uso kwa leso. "Bwana asifiwe. Amekubali. Amesema haya, wote tumesikia."

"Haya ipi?" nikauliza.

"Kwani ziko ngapi?"

"Kwake ziko mbili." Nikamweleza.

Akafikiri. "Au basi alitaka kusema anaona haya. Na hiyo nayo ni toba."

"Mzee wangu, mgonjwa ametamka neno moja, wewe umeshamtungia sentensi."

Mchungaji hakucheka. Aliliomba daftari, akasoma. Nikamwambia kilichokuwa kinanisumbua zaidi. "Mchungaji, umeuliza maswali mawili. Yeye amejibu mara moja."

Alisoma tena, taratibu. "Kweli. Nimeuliza mawili."

"Inawezekana amepokea rehema bila kutubu ndoa."

"Inawezekana." Alinirudishia daftari. "Rehema ya Mungu haina geti, ndugu yangu. Kanisa ndilo lina geti, na mimi nimepewa ufunguo tu. Nyumba si yangu."

"Turudi tukaulize upya? Moja moja?"

"Amechoka. Mtu aliyechoka ukimuuliza mara ya pili humuulizi, unambana. Tutakuja kesho."

Kesho yake hakuwa anasema kitu. Keshokutwa yake, alfajiri, alifariki.

Nimelifikiria lile swali kuliko nilivyolifikiria jambo lolote la dini. Tangu mafundisho ya kipaimara nimefundishwa kwamba Mungu anajua kabla hujafungua mdomo, na kwamba hakuna kitu kinachotokea nje ya mapenzi yake. Nikiwa karani, jambo hilo linanipa shida. Kama anajua, sisi watatu na kalamu yetu tulikwenda kumwandikia nani? Hakimu asiyehitaji ushahidi hahitaji karani. Nilifika mahali pa kuona kwamba daftari lile ni la kwetu sisi, ili tusigombane kuhusu kengele. Nikatulia kidogo. Halafu nikaanza kuogopa upande wa pili: kama Mungu anasamehe bila kujali mtu amesema nini, basi haya ya shangazi haina uzito, iwe ya kwanza au ya pili. Na shangazi hakuwa mtu wa kusema neno lisilo na uzito. Kama angetaka kurudi kwa namna ile angerudi zamani, kwa miguu yake, na gauni zuri.

Kuna kitu kingine nilikiona nikiwa nimesimama mbele ya duka lake lililofungwa. Dukani, haya haisemwi na mnunuzi. Mnunuzi anaomba, anabembeleza, anatania. Anayesema haya ni mwenye mali. Sisi tulimwendea shangazi tukidhani tumembebea rehema, na kumbe tuliokuwa tunaomba ni sisi: tupe neno tukuzike vizuri, tupe neno kaka yako asiaibike. Naye akatupa neno. Sijui alikuwa ametukubalia au ametuaga.

Baraza la wazee lilikaa mchana wa siku ile ile ya msiba, kwenye chumba cha nyuma, feni ikilia. Mchungaji alieleza kwa uaminifu: swali lilikuwa hili, jibu lilikuwa hili, na karani ana wasiwasi. Walinigeukia.

"Wewe umekaa naye dukani," mmoja akasema. "Tuambie. Haya ipi?"

Simu yangu ilikuwa mfukoni, na baba mkubwa alikuwa amepiga mara nne. Nyumbani turubai lilikuwa limeshafungwa, na kinamama wa jumuiya walikuwa wanasubiri kuambiwa wavae sare ya kwaya au waje na khanga zao tu. Nilifikiria magoti yake yakisogea pembeni watu wapite.

"Ya kukubali," nikasema.

Hakuna aliyeniuliza mara ya pili. Nilijaza ukurasa: tarehe, mahali, mashahidi. Mahali palipoandikwa "Jibu" nikaandika "Amekubali". Chini yake kuna nafasi moja zaidi, "Kosa lililotubiwa". Pale kalamu ilisimama. Nikageuza ukurasa nikaanza kuandika barua ya Kilimanjaro.

Ibada ilikuwa nzuri. Kengele ilipigwa, kwaya iliimba, mchungaji alivaa joho. Mjomba alikaa benchi la mbele, kofia kichwani, mikono magotini. Mzee wa kanisa aliposoma historia ya marehemu alifika mahali akainua sauti: "Dada yetu alirudi kundini siku mbili kabla ya kulala." Watu wakaitikia. Mjomba alinigeukia kidogo.

"Wamesema amerudi," akaninong'oneza. "Kwani alikuwa amekwenda wapi?"

Nilijifanya kwaya inanizuia kusikia. Tulisafiri naye mpaka Kilimanjaro, alisimama kaburini na kofia yake kwenye ubaridi ule, akatupa udongo kama sisi. Baba mkubwa alimshika mkono mbele ya watu wote. Hilo halikuwa limetokea kwa miaka thelathini na kitu, na sikuweza kujuta.

Wiki sita baadaye nilipita Kariakoo. Duka sasa linauza vifaa vya simu, lakini mjomba bado yuko barazani na cherehani yake. Alinivutia kigoda. Tuliongea mambo ya mvua, ya mtaro unaofurika, ya bei ya uzi. Kisha akasimamisha mguu.

"Mwanangu, siku ile ya hospitali mliandika nini?"

"Tuliandika amekubali, mjomba."

"Amekubali nini?"

Nilimsomea swali, kwa kuwa nalijua kwa moyo. Alisikiliza akiitazama sindano.

"Nilirudi," akasema.

"Ulirudi wapi?"

"Pale mlangoni. Nilifika chini nikakumbuka sina kofia. Nikapanda. Nikamkuta mchungaji anauliza. Sikutaka kuwakatiza, nikasimama tu. Yeye akaniona. Nikamwonyesha hivi." Alijigusa utosi kwa viganja viwili, kama mtu anayevaa kofia isiyokuwepo, kisha akaonyesha upande ambako kabati lingekuwa. "Yaani nimeisahau, basi tena, nakwenda hivi hivi. Ndipo akasema haya. Nikashuka."

Mtaa ulikuwa na kelele zake zote, lakini nilimsikia vizuri.

"Sasa mimi nimekaa nayo," akaendelea. "Alikuwa anamjibu mchungaji, au alikuwa ananijibu mimi? Kama alimjibu mchungaji, basi alinikana huku ananitazama, na hilo shangazi yako asingeweza. Au labda angeweza, kwa ajili ya Mungu wake, sijui. Na kama alinijibu mimi, basi nyie mmemzika kwa kofia yangu."

Alicheka, kifupi. Mimi sikuweza.

"Umemwambia mtu?"

"Nimekwambia wewe. Wewe ndiye mwenye daftari. Niende kwa mchungaji wenu nikamwambie, au niache?"

Nilimwambia anipe muda. Akasema sawa, akarudisha mguu kwenye kikanyagio, akaendelea na suruali ya mtu iliyokuwa inasubiri.

Hiyo ilikuwa kabla ya Kwaresima. Sasa uongozi wa juu umetuma ujumbe kwamba mkaguzi wa madaftari anakuja, na mchungaji amepitia kurasa zote kabla yake. Kwenye ukurasa wa shangazi, katika nafasi ya "Kosa lililotubiwa", ameweka alama ya kuuliza kwa penseli, ndogo, pembeni, akaniachia nijaze. Nafasi hiyo bado iko tupu. Mjomba bado hajapata jibu langu, na mchungaji hajui habari ya kofia.